Jema Moja, Kasoro Moja

Mwalimu Mwangangi alijivunia ukali wake kama mwingine anavyojivunia ng'ombe wa maziwa. Katika chuo kile cha pembeni mwa mji wa Machakos, ambako alifundisha uzungumzaji wa hadharani, wanafunzi walimwogopa muhula wa kwanza, wakamsengenya muhula wa pili, na baada ya kufuzu wakamtumia kadi za arusi wakimwomba aje awe mshereheshaji wao. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Ila alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zake alizilinda kuliko alivyolinda afya yake.

Kanuni ya kwanza ilizaliwa na uchovu. Kila mwaka, kwa ajili ya mtihani wa mwisho, wanafunzi walipiga kura: vikaratasi vikakunjwa na kutiwa katika sufuria, kila mmoja akachopoa chake na kujua atahutubu wapi. Arusini, kwenye harambee, katika mkutano wa chifu, mazishini. Basi wale walioangukiwa na mazishi walikuwa wakimzika nyanya mmoja tu. Alipenda kanisa, alipika muthokoi mtamu, hakuwahi kugombana na jirani. Mwangangi alimzika bibi kizee huyo mara nyingi mno, hata siku moja akapiga meza na kutangaza kwamba marehemu wa kubuni wamekwisha. Atakayeangukiwa na mazishi amseme mtu wake mwenyewe, mtu aliyekufa kweli, na aseme ukweli mtupu.

Kanuni ya pili ilihusu tathmini. Hotuba ikiisha, hakuna kushuka jukwaani mpaka mtu mmoja miongoni mwa wasikilizaji asimame na kusema jema moja na kasoro moja. Si mawili, si matatu. Jema moja, kasoro moja, naye aliyehutubu asikilize akiwa amesimama, bila kujitetea. Mwalimu na mtahini walikuwa na kalamu zao, lakini walisubiri. "Hotuba ikishatoka mdomoni si yako tena," Mwangangi alipenda kusema, kidole kikiwa hewani. "Ni ya aliyeisikia."

Na siku ya mtihani wazazi walialikwa. Hilo nalo lilikuwa wazo lake. Alisema kuhutubia wenzako wa darasani ni mchezo wa watoto. Ukitaka kujua kama unaweza, zungumza mbele ya mama yako.

Mwaka huu kura ya mazishi ilimwangukia Ndanu, msichana wa Ndithini, mpole, mwenye sauti iliyofika ukuta wa nyuma bila kupiga kelele. Mwangangi alimwekea matumaini makubwa, ingawa hakumwambia. Siku ya mazoezi Ndanu alisimama akamsema kaka yake, Muli, mchimba mchanga. Alimsema vizuri hata darasa likacheka, kisha akafika mahali na maneno yakamwishia. Akarudi nyuma, akazunguka, akamaliza bila kumaliza.

"Unazunguka kama mwewe asiyeona kifaranga," Mwangangi alimwambia mbele ya wote. "Amekufaje huyu kaka? Lini? Hujatuambia."

"Sijui, mwalimu."

"Msemaji wa mazishini hasemi sijui. Watu wamesimama juani, kaburi liko wazi, wewe unasema hujui? Siku ya mtihani nataka utue chini, na sitaki visingizio."

Ndanu aliitikia kwa kichwa, akaketi. Mwangangi alienda zake nyumbani Mumbuni akala chakula chake, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi ya mtihani joto lilikuwa lile la Oktoba, la kungoja mvua, ambalo hata likiwa bado changa linakugandisha shati mgongoni. Ukumbi ulikwisha kujaa. Mimbari ilikuwa imepanguswa vumbi, ile iliyochongwa Wamunyu, yenye twiga wawili ubavuni, mmoja akiwa mfupi kidogo kwa sababu mti ulimwishia fundi. Mwangangi alikuwa akihesabu viti vya wageni pale mwanamke mmoja alipomjia. Alikuwa amejifunga leso mpya kichwani, viatu vyake vina vumbi jekundu, na kifuani amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa taulo.

"Wewe ndiye mwalimu ya Ndanu?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu sana."

"Mimi ni Nzilani, mama yake. Nimetoka Ndithini na gari ya kwanza." Alimshika mkono kwa nguvu. "Nimekuja kukupatia asante. Ndanu aliniambia leo ataongea juu ya ndugu yake mbele ya watu wengi. Nikasema, hapo Mungu ametenda. Hawa watu wametoka kila mahali, si ndiyo? Lazima iko mtu amemwona."

"Amemwona nani, mama?"

"Muli." Akafunua taulo. Ilikuwa picha ndani ya fremu, kijana mwenye meno meupe akicheka na kukunja uso kwa jua. "Alibebwa na maji ya mto, wakati ya ile mafuriko kubwa. Wale wenzake wote walipatikana. Yeye hakupatikana. Sasa mwalimu, mtu asipopatikana, si ako mahali?"

Mwangangi aliitazama picha.

"Alionekana Matuu sokoni akibeba vitunguu," Nzilani aliendelea. "Nikifika, nikaambiwa ametoka sasa hivi. Tena akaonekana Embu. Sasa ukiniruhusu, Ndanu akianza kusema, mimi nitainua hii picha, watu waone vizuri."

"Kaa hapa mbele, mama," Mwangangi alisema, kwa kuwa ndivyo alivyowaambia wazazi wote. Alijuta mara moja. Kiti chenyewe kilikuwa hatua chache tu kutoka mimbarini, uso kwa uso na msemaji.

Akatoka nje kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Kumbe lile "sijui" lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyopewa mwaka ule, naye alilikanyaga mbele ya darasa.

Alimkuta Ndanu nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, akitembea huku na huko akinong'ona.

"Ndanu, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mwalimu?"

"Kwamba kaka yako hakupatikana! Kwamba mama yako anamtafuta mpaka leo!"

"Ulisema hutaki visingizio."

Lilikuwa kweli. Alilisema, tena kwa kidole.

"Mama yako yuko ndani na picha. Anadhani unaenda kutangaza mtu aliyepotea."

"Najua. Mimi nilimwambia tu nitaongea juu ya Muli. Hayo mengine ameongeza mwenyewe."

"Basi tubadilishe. Chukua arusi, chukua harambee, chochote. Nitaongea na mtahini."

Ndanu alitikisa kichwa. Hakuwa akilia. Mwangangi angependelea alie, angejua la kufanya.

"Mwalimu, kwetu ni mimi na mama tu. Nikianza hii maneno nyumbani, anatoka nje anaenda kukata kuni. Nikimfuata, anaanza kuimba. Wazee wa ukoo walikuja kumwambia tufanye ibada tumuage Muli, akawamwagia maji ya vyombo. Sasa kuna mtu amemwambia eti Muli ako Moyale kwa machimbo ya dhahabu. Jumatatu anaondoka. Mwalimu, huyu mama hajawahi kupita Embu. Akienda huko, yeye ndiye atapotea."

"Na unafikiri ukimwambia hapa, mbele ya umati, atakubali?"

"Hapa hawezi kutoka nje. Ni mtu wa heshima sana. Mbele ya walimu atakaa."

"Na akianguka? Akikukana mbele ya watu hawa wote?"

Ndanu aliinua macho. "Sijui," alisema, na safari hii Mwangangi hakuwa na la kumkosoa.

Mtahini wa nje alikuwa Bi Waithira, mama wa Kikuyu aliyekulia Yatta na kusema Kikamba safi kuliko cha Mwangangi mwenyewe. Alikuwa na sifa ya kutohongwa hata kwa chai. Mwangangi alimwinamia pale mezani akamweleza yote kwa mnong'ono. Waithira alivua miwani, akamtazama Nzilani kwa muda mrefu. Nzilani alikuwa akiipangusa picha kwa ncha ya leso.

"Msichana ameomba kuahirisha?" Waithira aliuliza.

"Hapana."

"Ameomba abadilishiwe?"

"Hapana. Mimi ndiye naomba."

"Wewe hufanyi mtihani leo." Akavaa miwani. "Kikaratasi chake kinasema mazishini. Akisema kingine, nitampa sifuri na utajua ni haki. Akitaka kungoja mwaka ujao, mlango uko wazi, lakini aniambie kwa mdomo wake. Kaa chini, Mwangangi."

Akakaa. Alimkasirikia Waithira, kisha akatambua kwamba yale maneno ni yake mwenyewe, amerudishiwa tu.

Mtihani ulianza. Kiragu alihutubu arusini, akamsifu bwana arusi mpaka akasahau kumtaja bibi. Msichana mmoja akasimama kutathmini: jema, suti, kasoro, amemwoza mwanamume kwa hewa. Ukumbi ulicheka sana. Nzilani naye alicheka, akamgeukia jirani yake kumwuliza jambo, na Mwangangi akasikia jirani akimweleza kwamba hiyo ndiyo sheria ya hapa, ukisimama unataja kitu kimoja kizuri na kimoja kibaya. Nzilani aliitikia, "Ĩĩ, ni nzuri hiyo." Alikuwa amefurahi. Alikuwa mgeni aliyefurahi kuliko wote katika ukumbi ule, na furaha yake ilimchoma Mwangangi kama jivu la moto.

Wengine wawili walipita. Hakusikia walichosema. Alikuwa na kengele ndogo ya shaba mezani, ya kusimamishia msemaji likitokea jambo: umeme ukikatika, mtu akizimia. Vidole vyake vilikuwa juu yake tangu saa ya kwanza. Alikuwa akiwaza: nikiigonga, nitasema maikrofoni imeharibika. Nitasema lolote.

"Ndanu wa Nzilani," mtunza saa aliita. Alikuwa Lavender, mwanafunzi mwenzake, mwenye kadi tatu mapajani: kijani ya kuanza, njano ya kukaribia mwisho, nyekundu ya kwisha.

Ndanu alipanda. Alisimama nyuma ya twiga wa Wamunyu akashika ukingo wa mimbari. Lavender akainua kijani.

"Ndugu, marafiki, na nyote mliokuja kusimama nasi," alianza, na sauti yake ikatulia mahali pake. "Nimekuja kumsema kaka yangu. Jina lake Muli."

Nzilani akainuka.

Aliinuka kwa adabu, bila kishindo, akaiinua ile picha juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akageuka taratibu, kwanza kwa waliokaa kushoto, halafu kulia, halafu nyuma, ili kila mtu apate kuona. Watu walidhani ni sehemu ya hotuba. Mtu alipiga makofi. Vijana wawili watatu wakatoa simu wakapiga picha. Nzilani aliwatabasamia wenye simu, akaishusha fremu kidogo ili uso uonekane vizuri.

Ndanu alinyamaza. Watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo. Waithira hakuandika chochote. Vidole vya Mwangangi vilibana kengele, naye akajiambia, sasa, gonga sasa, na katika sekunde hiyo Ndanu akamtazama moja kwa moja. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu. Mwangangi akaondoa mkono, akauweka chini ya meza.

"Mwaitu," Ndanu alisema, akimwita mama yake kama aitwavyo nyumbani, kwa sauti ya chini ambayo maikrofoni iliinasa hata hivyo. "Keti kidogo."

Nzilani aliketi. Aliiweka picha magotini, uso ukiwatazama watu.

"Kaka yangu alichimba mchanga mtoni," Ndanu aliendelea. "Wapo wanaoona si kazi. Lakini mkienda mjini mkaona ghorofa, ndani yake kuna mgongo wa Muli. Alikuwa mcheshi. Alikuwa mwongo wa samaki. Mtoni kwetu hakuna samaki wa kuzidi kiganja, lakini wake walikuwa na urefu wa mkono. Alipenda kubishana juu ya mpira na watu wasiojua mpira. Alinifundisha kusema mbele ya watu. Alinisimamisha katikati ya mahindi akaniambia nihubiri, na nikikosea alirusha gunzi."

Watu walicheka. Nzilani alicheka kuliko wote, akamwambia jirani yake, "Ni kweli, ni kweli hiyo." Kisha akangoja, ameinua kidevu, sehemu ile ambayo binti yake angewauliza watu kama wamemwona.

Lavender akainua njano. Aliichelewesha kidogo. Alikuwa amelala chumba kimoja na Ndanu mwaka mzima.

"Siku ile kwetu mvua haikunyesha," Ndanu alisema. "Ilinyesha juu, mbali. Sisi tulikuwa na jua. Wachimba mchanga wanajua kwamba mto unaweza kukujia jua likiwaka. Muli aliondoka alfajiri bila kumuaga mtu, kwa sababu sote tulikuwa tumelala. Walikuwa chini mtoni, wanajaza lori, maji yakaja. Wenzake walipatikana mmoja baada ya mwingine. Tuliwazika. Mama yangu alipika katika kila mazishi, hakukosa hata moja."

Tabasamu la Nzilani lilikuwa bado usoni, lakini lilikuwa limesahaulika pale.

"Muli hatukumpata, kwa hivyo tukangoja. Mwalimu wangu aliniuliza amekufaje, nikasema sijui. Nilidanganya. Ninajua. Tumekuwa tukimtafuta Matuu, tukimtafuta Embu, na sasa tunataka kumfuata Moyale, na mimi ninajua." Alivuta pumzi, na pumzi ile ikasikika ukumbi mzima. "Ndugu yangu Muli alikufa mtoni siku ile, pamoja na wenzake. Hayuko sokoni. Hayuko machimboni. Leo nimesimama kumuaga, kwa sababu hakuna mtu aliyemuaga. Pumzika, Muli."

Kadi nyekundu ilikwisha kuinuliwa. Hakuna aliyeona iliinuliwa lini.

"Aiya!" alisema mwanamke mmoja nyuma. Mzee aliyekaa karibu na dirisha alinung'unika kwamba huu ni uchuro, mtu hazikwi kwa mdomo, na mkewe akamfinya anyamaze. Wale vijana waliopiga picha waliziweka simu mifukoni. Nzilani hakusogea. Alikuwa akimtazama binti yake kama unavyomtazama mtu anayekuja kwa mbali njiani na bado hujamtambua. Kisha polepole akaigeuza ile picha magotini, uso ukamwelekea yeye mwenyewe.

Sasa ilikuwa zamu ya mwalimu. Mwangangi alisimama.

"Nani," alisema, akakohoa. "Nani atatathmini?"

Hakuna mkono. Wanafunzi waliangalia sakafu. Ungesema nini? Jema, matamshi? Kasoro, umemwua mtu? Ndanu alibaki amesimama mimbarini, kwa maana kanuni ilisema hashuki mpaka asikie. Alikuwa amekwisha kutoa kila alichokuwa nacho, na sasa, mbele ya macho ya watu wote, aliegemea mimbari. Alishika twiga mmoja. Mwangangi aliichukia kanuni yake. Aliichukia kuliko alivyowahi kumchukia mwanafunzi mvivu. Potelea mbali, akawaza, na akafungua kinywa amwambie ashuke.

Nzilani alikuwa ameinua kidole. Aliinua kama mtoto wa darasa la pili, mkono wima, kidole kimoja juu, mkono wa pili ukishikilia picha isianguke.

Mwangangi alimtazama Waithira. Waithira alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ndiyo, mama," Mwangangi alisema. "Karibu."

Nzilani akasimama. Hakuwageukia watu. Alisema na Ndanu peke yake.

"Mimi sijasoma hii kitu yenu. Lakini nimeona vile mnafanya. Kitu moja nzuri, kitu moja mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Nzuri." Alifikiri. "Umesema polepole. Kila neno nimesikia. Hata ile sikutaka kusikia, nimesikia."

Ndanu aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyapangusa.

"Mbaya," Nzilani alisema, akaiangalia picha. Mwangangi alijua kwamba sasa linakuja, lile alilolihofia tangu asubuhi, na kwamba msichana yule atalisikia akiwa peke yake pale juu kwa sababu yake.

"Umesema alitoka bila kuaga mtu. Hiyo si kweli, Ndanu. Wewe ndiye ulikuwa umelala. Mimi nilikuwa jikoni nawasha moto. Alikuja akasimama kwa mlango, akaniambia, 'Mwaitu, hii moshi itakumaliza. Nikirudi jioni nitakutobolea dirisha kwa hiyo ukuta.' Akachukua kiazi moja ya jana, akaenda akikula."

"Hukuniambia," Ndanu alisema, ingawa msemaji haruhusiwi kujibu.

"Sikuambia mtu."

"Kwa nini, Mwaitu?"

"Kwa sababu nikisema, hiyo inakuwa ndiyo maneno yake ya mwisho."

Mahali fulani nyuma mtu alianza kulia, kwa sauti ya chini, kama anayeona haya. Waithira alivua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na doa. Nzilani aliivuta leso yake mbele, akaikaza.

"Sasa hapo ndipo urekebishe," alisema. "Siku ukisoma hii nyumbani, mbele ya ukoo na pasta, usiseme hakuaga. Sema aliaga mama yake."

Akaketi.

Mwangangi alijua kwamba anatakiwa kumshukuru mtathmini na kumwambia msemaji ashuke. Ndanu alishuka mwenyewe, akishika ukingo wa jukwaa, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mbele na kuchuchumaa mbele ya mama yake. Nzilani alimshika kichwa kwa viganja viwili akamkandamiza kwenye leso na picha na kila kitu. Walikaa hivyo, na hakuna aliyewaharakisha.

Waithira aliandika alama zake, akaifunika karatasi, akaisukuma upande wa Mwangangi. Naye akaandika zake. Mwanafunzi aliyefuata, maskini, alikuwa na hotuba ya harambee yenye vichekesho, na ilibidi apande hivyo hivyo. Alipokuwa akirekebisha maikrofoni kwa mikono inayotoka jasho, Ndanu aliinua kichwa akamnong'oneza mama yake swali. Mwangangi, aliyekuwa karibu, alisikia neno moja tu, Jumatatu.

"Jumatatu tutaenda kwa pasta," Nzilani alisema. "Tufanye hiyo ibada mapema. Mvua ikianza, watu wetu watakuwa shambani."